Kipimo cha Sisi Wawili

Katika daftari la vipimo la mafundi wale wawili, ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja tu. Kurasa nyingine zilijaa wateja, na kila mteja aliandikwa kwa sifa iliyomfaa: mwalimu wa hesabu, mama wa duka la vyombo, yule bwana wa bega la chini, bibi harusi asiyetulia. Ukurasa wa kwanza uliandikwa "Sisi". Mabega kumi na tano, kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na mbili, nyonga arobaini na mbili. Hao Sisi walikuwa dada wawili wa tumbo moja, na mstari huo uliwatosha kwa miaka ishirini na mitatu.

Walipishana miaka sita. Mkubwa aliitwa Dada na kila mtu, hata na wateja waliomzidi umri, maana alikuwa na ile sauti ya mtu aliyezaliwa kuwa dada. Mdogo alikuwa kitinda mimba wa mama yao, wakamwita Kitinda, na jina likamganda mpaka akaota mvi. Mama alifariki Kitinda akiwa na miaka tisa. Dada, mwenye kumi na tano, aliacha shule, akakalia cherehani ya mama, akawa anazipunguza nguo zake mwenyewe ili kumvalisha mdogo wake. Kila mwaka alipunguza kidogo kuliko mwaka uliopita, hadi siku moja gauni likakaa bila kuguswa na mkasi. Siku hiyo Dada alicheka mpaka akaketi chini. "Umenifikia, mshenzi wewe," akasema, akachukua kalamu na kuandika ule mstari.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya chumba chao cha kazi. Dada akijishonea, Kitinda ndiye anayesimama juu ya kigoda kujaribishwa. Kitinda akijishonea, Dada ndiye anayegeuzwageuzwa. Fundi hawezi kujipima mgongo wake, na wao walikuwa na mgongo wa akiba. Hakuna aliyewahi kumzungushia mwenzake tepu, ya nini? Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: mlango wa kutazama barabara, meza ya kukatia, pasi yenye kinyongo na kola nyeupe, na cherehani mbili zilizotazamana karibu sana hata magoti yao yakagusana wakikanyaga. Dada aliwahi kuolewa. Alikaa huko miaka miwili, akarudi na sanduku lile lile aliloondoka nalo, akaketi kwenye cherehani yake na kuuliza, "Uzi mweusi upo?" Habari ya ndoa ikaishia hapo.

Kikohozi cha Dada kilianza kama vinavyoanza vikohozi vyote, kwa kusingizia. Wakasingizia vumbi la vitambaa, wakasingizia baridi, wakasingizia feni. Alipoanza kukonda akaenda zahanati ya jirani. Wakampiga picha ya kifua, wakaona doa, wakasema ni TB. Makohozi yakapimwa mara mbili, hayakuonyesha kitu. Wakasema TB nyingine hujificha, wakamwandikia dawa za miezi sita. Dada alizimeza zote kwa nidhamu ya askari, mkojo ukageuka rangi ya machungwa, na kikohozi kikabaki pale pale. Miezi sita mizima! Ukimuuliza Kitinda leo ni kitu gani kinachomkereketa moyoni, atakutajia miezi ile sita kwa hasira, kisha atanyamaza ghafla. Anajua kuna miezi mingine mitatu, na hiyo hawezi kumtwisha mtu wa zahanati.

Ukweli waliupata hospitali kubwa. Walimlaza Dada ndani ya mashine ya duara inayokipiga kifua picha kipande kwa kipande, halafu wakamchoma sindano ndefu katikati ya mbavu na kutoa kinyama kidogo kuliko punje ya mchele. Majibu yalipokamilika daktari aliwaita wote wawili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye bawaba, na Kitinda alimpenda kwa ajili ya ule uzi. Akawaambia bila kuzunguka kwamba ni saratani ya mapafu, na kwamba imekwishatoka kwenye pafu na kufika kwenye mfupa wa nyonga.

"Lakini daktari, mimi sijawahi kuvuta sigara," Dada alisema. "Hata mtu akiwasha barabarani navuka ng'ambo."

"Najua, dada yangu. Wapo wengi kama wewe." Daktari akageuza karatasi. "Ndiyo maana sikuishia kwenye kujua kwamba ni saratani. Kile kinyama tumekipima vinasaba. Zamani tungekutundikia dripu ile ile anayotundikiwa kila mtu, tukakaa kuomba Mungu. Siku hizi tunauliza kwanza, saratani hii inaendeshwa na nini? Ya kwako ina hitilafu moja tunayoijua, na kidonge chake kipo. Kimoja kwa siku, saa ile ile, bila kuruka. Hakitaimaliza, nisikudanganye. Kitaituliza."

"Kwa muda gani?"

"Kwa wengine miezi, kwa wengine miaka. Ila kishike kama roho yako. Nyinyi ni mafundi, mtanielewa. Kidonge hiki ni nguo ya kupima. Kimekatwa kwa ajili ya ugonjwa wako, mwingine hakimfai."

Maskini daktari, alidhani amewapatia lugha yao. Dada aliitikia kwa kichwa, Kitinda naye akaitikia, wakashukuru, wakatoka na kopo la vidonge vya siku thelathini.

Basi kile kidonge kikafanya maajabu. Wiki ya tatu kikohozi kilikata. Wiki ya sita Dada alikuwa anabeba jora la kitambaa begani na kumgombeza muuza vifungo. Uso ulimtoka vipele kama vya msichana wa miaka kumi na minne, na wateja wakamtania hadi basi. "Dada umebalehe upya!" Lakini hilo walikuwa wamekwishaambiwa na nesi wa kliniki, mwanamume mrefu, mpole, ambaye wagonjwa walimwita Bwana Simu. Kila Jumanne alimpigia simu kila mgonjwa wake, mmoja mmoja, kumuuliza amelalaje, amekula nini, tumbo limeharisha mara ngapi. "Vipele visikutishe," alisema. "Mara nyingi ni dalili kwamba dawa iko kazini. Paka mafuta, jikinge na jua, na usithubutu kuacha." Mwezi wa tatu walipopiga picha, doa lililokuwa kubwa kama yai lilikuwa limebaki kama haragwe. Wale dada walirudi chumbani, wakakata kitambaa kimoja cha buluu, wakashona magauni mawili sawasawa na kuyavaa siku moja kama watoto.

Mwezi wa nane Kitinda akaanza kukohoa.

Alijitia hamnazo. Alikohoa akiwa uani, alikohoa akiwasha redio, alikohoa ndani ya kitambaa cha mteja. Asubuhi shuka lake lilikuwa limelowa jasho, akalitandua kabla Dada hajaamka. Lakini utamficha nini mtu ambaye goti lake linagusa la kwako kutwa nzima? Siku moja Dada alisimamisha cherehani.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili hivi."

"Mwongo."

"Mwezi. Lakini ni vumbi, Dada."

"Hata mimi lilikuwa vumbi," Dada alisema.

Kitinda alisema ataenda kupima. Alisema kwa shingo upande, kwa sababu alikuwa ameiona ile sindano ikiingia mbavuni mwa dada yake na alikuwa anaiogopa kuliko kifo chenyewe. Na Dada, ambaye siku nyingine yoyote angemburuta kwa sikio mpaka mlangoni mwa daktari, safari hii hakumburuta.

"Uende wapi?" aliuliza. "Zahanati? Watakwambia TB, kama walivyoniambia mimi. Utameza miezi sita wakati kitu kinakutafuna. Hospitali kubwa? Foleni ya sindano wiki sita, majibu ya vinasaba wiki nne. Jiangalie ulivyokwisha." Akainuka, akachukua kopo lake juu ya rafu ya nyuzi.

"Dada, daktari alisema mwingine hakimfai."

"Mwingine." Dada alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Wewe ni mwingine?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Tumbo moja. Chumba kimoja, vumbi moja, moshi wa pasi moja. Mabega kumi na tano, kifua thelathini na nane. Gauni gani lililowahi kumwenea yeye likamkataa Kitinda? Ugonjwa utakuwaje tofauti? Ukimsikiliza mtu mwingine akisema hayo unaweza kucheka. Kitinda hakucheka. Maisha yake yote alivaa kilichokatwa kwa mwili wa Dada, na hakuna siku kilipombana.

Dada alikiweka kidonge juu ya ubao wa kukatia, akachukua wembe wa kufumulia nguo, akakikata. Kidonge kile hakikuwa na mstari wa katikati, hakikutengenezwa kukatwa. Upande mmoja ulizidi. Kwa ncha ya wembe Dada akausukuma ule uliozidi kwa Kitinda, akaramba unga uliobaki kwenye kidole, akameza wake. Kesho yake vivyo hivyo. Kesho kutwa vivyo hivyo. Kila siku kulikuwa na kipande kikubwa na kipande kidogo, na kila siku mkono wa Dada ulikwenda upande ule ule. Kitinda aliona, akameza.

Wiki ya kwanza kikohozi kilipungua kidogo, kama kikohozi chochote kinavyoweza kupungua wiki na kuzidi wiki. Halafu Kitinda akatokwa na vipele usoni. Walishangilia! Dada alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akapiga vigelegele hadi mama wa duka la vyombo akaja kuuliza kuna harusi gani. Wakati huo huo uso wa Dada ulianza kutakata, ukawa laini kama zamani, na hilo nalo walilihesabu kuwa baraka.

Vidonge viliisha siku ileile vilipopaswa kuisha, kwa hiyo kliniki hawakuwa na la kushuku. Bwana Simu aliwakaribisha kama kawaida, akafungua daftari lake.

"Unameza kila siku, Dada?"

"Kila siku."

"Saa ile ile?"

"Saa moja asubuhi. Muulize huyu."

Bwana Simu akamgeukia Kitinda, akamtazama usoni kwa muda. "Na wewe umepatwa na nini huku?"

"Mafuta mapya hayo," Dada alidakia. "Nimemwambia ayaache, hasikii. Anataka kuolewa uzeeni."

Bwana Simu akacheka. Dada akacheka. Kitinda alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, na angeweza kufungua mdomo. Sekunde tatu zingetosha. Akacheka na yeye. Kicheko chake mwenyewe cha siku ile humrudia hadi leo akiwa anatunga uzi kwenye sindano, na kikimjia lazima aweke sindano chini.

Picha iliyofuata ilipigwa mwezi wa kumi na mbili wa dawa. Daktari aliweka mbili kwenye kioo, ya zamani na mpya, akazitazama muda mrefu kuliko ilivyopendeza. Haragwe lilikuwa limekua, na chini ya pafu kulikuwa na maji. Dada akashika pindo la gauni lake la buluu, akalikunja, akalikunjua. Kitinda alitaka kusema kitu na badala yake kikohozi kikampanda, kile cha kutoka tumboni, na alipoondoa leso mdomoni ilikuwa na tone la damu.

Bwana Simu aliliona. Alimfuata nje hadi kwenye benchi, akampa kikopo chenye mfuniko.

"Kohoa humu, mama. Ni kikopo tu, hakina sindano."

Majibu yalitoka kesho yake mchana. Kitinda alikwenda peke yake kuyachukua. Bwana Simu alimwita pembeni, uso umemchangamka, kwa sababu kwenye kazi yake siku za kumpa mtu habari njema ni chache na alitaka kuifaidi hii.

"Ni TB," alisema. "TB ya kweli, mashine imeiona. Miezi sita ya dawa, unapona kabisa. Mshukuru Mungu!"

Kitinda alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuwa na saratani. Hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa amekula dawa ya dada yake siku tisini na moja, kipande kikubwa kila siku, bure. Akamwambia Bwana Simu palepale, amesimama, kwa sauti ambayo hakuijua. Wembe, ubao, vipele, kila kitu.

Bwana Simu aliweka kalamu chini. Hakumfokea. Angemfokea ingekuwa afadhali. Alimshika kiwiko, akampeleka kwa daktari, akakaa naye humo ndani.

"Ni mimi?" Kitinda alimuuliza daktari. "Niambie tu. Ni mimi niliyemuua?"

Daktari alivua ile miwani. "Dada yako yuko hai, usimzike. Sikiliza. Ugonjwa huu huizoea dawa. Hata kwa mtu anayemeza kidonge kizima kila siku, hutafuta njia ya kuikwepa, ukarudi. Kwa wengine mwezi wa tano, kwa wengine mwaka wa tatu. Nusu dozi haikumsaidia, hilo siwezi kukuficha. Lakini kama ni nusu ndiyo iliyouleta, au ungerudi tu hivyo hivyo, sijui."

"Nani anajua?"

"Hakuna anayejua. Hatajua mtu."

Jibu hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani, na ndilo analoishi nalo. Mtu aliyehukumiwa hutumikia, akamaliza. Kitinda hakuhukumiwa wala hakuachiwa.

Dada aliposikia kwamba ni TB, kwanza alicheka, kwa furaha ya kweli, akasema, "Alhamdulillahi, utapona." Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa mwingine." Hawakulizungumza tena. Kitinda alivaa barakoa, akahamishia godoro lake kwenye chumba cha kazi kwa wiki za mwanzo. Dada naye akapimwa TB, akakutwa hana.

Hospitali hawakukata tamaa. Safari hii hawakuhitaji sindano ya mbavuni, walitoa damu mkononi tu, kichupa kimoja, na ndani ya damu ile wakaitafuta saratani na kuikuta imebadilika: ina hitilafu mpya juu ya ile ya zamani. Nayo ilikuwa na kidonge chake, kipya zaidi. Walikisubiri wiki tano, na katika hizo wiki maji ya kifuani yakatolewa mara mbili kwa mrija. Kidonge kilipofika Kitinda alikipokea kwa mikono miwili. Kila asubuhi saa moja walikaa mezani, mmoja na dawa zake za TB, mwingine na kidonge chake, na Kitinda hakukiondolea macho mpaka aone koo la Dada limekwenda juu na kushuka.

"Siku hizi kila mtu na sahani yake," Dada alitania. Kitinda akaenda uani kulia.

Kidonge cha pili kiliwapa miezi saba. Ilikuwa miezi mizuri, nisiseme uongo. Dada alishona, polepole, mikono ya makoti na kola. Kitinda akapona kabisa, cheti akapewa, akanenepa, mashavu yakamjaa. Aliona haya kunenepa. Alikula kidogo mbele ya Dada na Dada akamsukumia sahani, "Kula, unataka nani ale?" Kisha ugonjwa ukaizunguka na dawa ile, ukapanda kwenye uti wa mgongo, na daktari akasema kwa upole kwamba kidonge cha tatu hakipo. Alisema huenda kitakuwepo, kuna watu wanakitafuta, lakini leo hakipo.

Hata hapo hawakuachwa. Bwana Simu alikuja nyumbani mara mbili kwa wiki na mkoba wake. Alileta dawa ya maji ya maumivu, akamfundisha Kitinda kuipima kwa bomba bila kuogopa, kuipa kwa saa na siyo kungoja mgonjwa alie. Alimfundisha kupanga mito ili Dada akae nusu ameketi, na kuielekeza feni usoni pumzi inapobana. Feni ile ile waliyoisingizia mwanzoni. Aliketi kwenye cherehani ya Dada na kumuuliza anaogopa nini, swali ambalo Kitinda asingethubutu kuliuliza. Dada akajibu, "Naogopa huyu atavaa nini." Bwana Simu alidhani mgonjwa anaweweseka.

Siku moja baada ya chakula cha mchana Dada alisema, "Kile kitambaa cha kijani bado kipo? Nishonee gauni. Nimechoka watu kunikuta na mashuka."

Kitinda alikitandaza mezani, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akachora kwa chaki, akakata. Mkono ulijua njia. Alishona mchana kutwa, mlango umefungwa, na ilipofika kujaribisha akafanya kama walivyofanya siku zote, akavua blauzi na kulivaa mwenyewe. Halikupita kifuani. Alilivuta, alijaribu kubana pumzi, mshono ukalia. Basi akalivua, akampelekea Dada kitandani, akamkalisha, akalipitisha kichwani mwake. Likashuka kutoka mabega yote mawili mpaka kiunoni, kama shuka lililotupwa juu ya kiti.

Walitazama gauni, wakatazamana. Nje mtu alikuwa anamwita mwenzake, baiskeli ikapita. Lile neno moja na zile namba nne za ukurasa wa kwanza hazikuwa tena kipimo cha mtu yeyote.

"Lete tepu," Dada alisema.

Kitinda aliitoa shingoni. Miaka ishirini na mitatu alikuwa amewapima watu wa kila umbo, wanene, vibyongo, wajawazito wa miezi tisa, na sasa mikono haikujua ianzie wapi. Alianza na mabega. Kumi na mbili. Akazungusha kifuani, akihisi kila ubavu chini ya kidole, na ule mmoja wenye kovu dogo la sindano. Ishirini na nane.

"Dada."

"Mm."

"Kwa nini ulikuwa unanipa kipande kikubwa?"

Dada alikuwa ameinua mikono kidogo pembeni, kama mteja mzuri, ili tepu ipite. Alifikiri, siyo kwa sababu jibu lilikuwa gumu. Alionekana kutoelewa swali limetoka wapi.

"Si wewe ndiye uliyekuwa unakohoa," alisema. "Pima kiuno. Mikono inachoka."

Kitinda alipima kiuno, akapima nyonga. Akarudi kwenye meza, akashika kalamu, akafungua daftari. Chini ya ule mstari wa zamani palikuwa na nafasi tupu ukurasa mzima, haikuwahi kuhitajika. Aliandika mabega kumi na mbili, kifua ishirini na nane, kiuno ishirini na nne, nyonga thelathini na moja, na pale pa jina akaandika "Dada". Kisha alifumua gauni lote kwa wembe ule ule, akalikata upya, akalishona.

Lilimkaa vizuri. Alilivaa siku nne.